Papa ana miaka 56, mtoto yuko primeri ya kwanza: hesabu ya miaka 12

Saa sita na nusu mchana geti la shule linafunguliwa, iwe Katuba, Kenya au Bel-Air, mitaa ya Lubumbashi, Kongo, na mlinzi anaita kwa sauti: "Njoo, nkambo yako amefika!" Mtoto anatoka na mkoba wake, anatazama, anakuta ni papa yake. Katanga nkambo ni babu au bibi, na mwanamume mwenye mvi aliyeshika mkono wa mtoto wa miaka sita watu humpa jina hilo bila kufikiri. Wa namna hiyo ni wengi Lubumbashi. Kuna aliyefiwa na mke akaoa tena akiwa na miaka 48. Kuna mama aliyetafuta mimba miaka 15, akaipata akiwa na 42. Kuna waliosubiri kazi ya mgodini itulie kwanza, na kuna wanaolea wajukuu kama watoto wao kwa sababu wazazi wa katikati hawapo.

Neno la getini linauma, lakini kati ya mizigo yote ndilo jepesi. Uzito wenyewe uko kwenye kalenda tatu zinazotembea ndani ya nyumba moja: ya shule ya mtoto, ya mshahara wa mzazi na ya mwili wake. Mzazi wa miaka 28 anaweza kuziacha zijiendee, maana zimeachana mbali. Kwa mzazi wa miaka 50 na zaidi zinagongana, tena katika mwaka unaoweza kujulikana mapema kabisa. Anayeujua mwaka huo ana nafasi ya kujipanga. Asiyeujua hukutana nao mwezi wa tisa, shule zikifunguliwa.

Ukurasa mmoja wa daftari

Chukua ukurasa wa katikati wa daftari la mtoto, uchore safu: mwaka wa shule, darasa la kila mtoto, umri wa baba, umri wa mama. Tuchukue nyumba ya mfano. Mwezi wa tisa 2025 baba ana 56, mama 44, mtoto mkubwa ana 8 na yuko primeri ya tatu, yaani darasa la tatu la shule ya msingi, mdogo ana 6 na anaanza ya kwanza.

Teremka mstari kwa mstari. Mkubwa atafanya ENAFEP, mtihani wa kumaliza primeri, mwaka 2029. Mdogo ataufanya 2031. Egzeta, yaani mtihani wa serikali wa kumaliza humanite (miaka minne ya mwisho ya sekondari), itamfikia mkubwa 2035 na mdogo 2037, wasiporudia darasa. Mwaka 2037 baba atakuwa na 68 na mama 56. Ukiongeza miaka mitatu ya lisansi chuoni, baba atakuwa na 71.

Sasa tazama mstari wa 2029. Baba anafikisha 60, umri wa pensheni kwa mfanyakazi wa sekta binafsi. Mwaka huohuo mkubwa anatoka primeri, ambayo katika shule za serikali haina ada tangu Septemba 2019, na anaingia mwaka wa saba, ambako minervali, ada ya shule, inalipwa. Mama anafikisha 48, umri ambao wanawake wengi wamekwisha kuanza mabadiliko ya kukoma hedhi. Kalenda zote tatu zimekutana kwenye mstari mmoja, na bado kuna miaka minane ya shule mbele ya mdogo. Kila nyumba ina mstari wake wa namna hiyo. Uzungushie duara kwa bik nyekundu, kisha uhesabu miezi iliyobaki. Kwa nyumba hii ni 48.

Wazazi wengi hukosea kwa kuhesabu umri wao wa leo peke yake. "Niko na nguvu bado," anasema mtu wa miaka 54, na ni kweli. Swali linalofaa ni mtoto wa mwisho atakuwa darasa gani siku mshahara utakapokatika.

Mshahara unapokatika

Lubumbashi ina kumbukumbu yake ya jambo hili. Kwa vizazi vingi Gécamines, kampuni kubwa ya shaba, iliwapa wafanyakazi wake mshahara pamoja na shule ya watoto, hospitali na posho ya unga. Mwaka 2003 na 2004, katika mpango wa "depari volonteri", yaani kuondoka kwa hiari, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa malipo ya mara moja. Familia nyingi zilijifunza wakati ule kwamba pesa ya mkupuo na ada ya shule havina mwendo mmoja: pesa inafika siku moja, ada inarudi mara tatu kila mwaka.

Pensheni ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, zamani INSS, inasimamiwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Umri ni 60 kwa mwanamume na mwanamke. Masharti ni kuwa umeandikishwa, umeacha kazi ya mshahara na umetimiza miezi 180 ya bima, yaani miaka 15. Mchango wa tawi la pensheni ni asilimia 10 ya mshahara: 5 za mwajiri, 5 zinazokatwa kwa mfanyakazi.

Wengi hukwama kwenye hiyo miezi 180. Mtu amefanya kazi miaka 25, lakini kampuni tatu kati ya tano zilikuwa za sutretansi (zinazofanya kazi kwa niaba ya kampuni nyingine), moja ilibadilisha jina, nyingine ilikata asilimia 5 bila kumtangaza CNSS. Akifika dirishani anakuta faili lina miezi 130. Kama ana miaka 56 na ataendelea na kazi hadi 60, ataongeza 48 na kufika 178. Amekosa miezi miwili, na asiyetimiza miezi hupewa malipo ya mara moja badala ya pensheni ya kila mwezi. Kwa mtu ambaye watoto wake wameshaoa na kuolewa hiyo ni hasara. Kwa mwenye mtoto wa primeri ni hasara ya miaka minane ya shule.

Kwa hiyo usingoje 60. Ukifika 55, au leo kama umeshapita, nenda CNSS na fishi zako zote za mshahara (karatasi za malipo), mikataba na vyeti vya kazi, uombe kuonyeshwa miezi iliyohesabiwa, mwajiri kwa mwajiri. Fishi ya mshahara inayoonyesha makato ndiyo ushahidi wako, kwa hiyo usiitumie kufungia karanga. Angalia mambo mawili zaidi. La kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Waliozaliwa miaka ya sitini mara nyingi wana tarehe moja kwenye kadi ya uchaguzi, nyingine kwa mwajiri, na ya tatu ni "kuelekea 1968". Zikitofautiana, faili linalala. La pili ni majina ya watoto. Faili lililofunguliwa mwaka 1995 lina watoto wa kwanza tu, na wadogo waliozaliwa 2017 na 2019 hawamo. Baba akifariki, pensheni ya warithi itadaiwa kwa faili hilohilo. Peleka akti (vyeti) zao za kuzaliwa wangali wadogo, na uondoke na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Pesa ya shule baada ya mstari mwekundu

Fanya hesabu ya sekondari peke yake. Tuseme shule inadai dola 360 kwa mwaka, tranchi (awamu) tatu za 120. Kila mtoto ana miaka sita, kuanzia wa saba mpaka Egzeta. Watoto wawili ni miaka 12 ya ada, sawa na dola 4,320, kabla ya sare, vitabu na gharama za mwaka wa mwisho ambazo daima huzidi. Ukiwa na miezi 48 mbele yako, kuiweka yote ni dola 90 kwa mwezi. Kuweka nusu ni 45. Weka takwimu za shule yako, hesabu ni ileile.

Likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, inafaa kwa tranchi. Zamu yako ikipangwa mwezi wa nane, Septemba hailemei. Kwa akiba ya miaka mingi haifai, maana wenzako wa likelemba mara nyingi ni wa umri wako na watastaafu pamoja na wewe. Akiba ya miaka mingi isikae kwa franka pia. Waliokuwa watu wazima mwaka 1993 waliona zaire 3,000,000 zikigeuka zaire mpya moja, na 1998 wakaona zaire mpya 100,000 zikigeuka franka moja ya Kongo. Hao hawahitaji kuelezwa.

Njia inayopendwa zaidi mjini ni kujenga vyumba viwili vya kupangisha ndani ya lupango, yaani kiwanja cha nyumba. Ni njia nzuri, kwa sababu kodi inakuja kila mwezi hata mwenye nyumba akiwa mgonjwa. Huharibika kwa sababu tatu zinazojulikana. Ukuta wa matofali mabichi usio na msingi wa mawe hunyonya maji ya mvua za Novemba hadi Machi na kuanguka. Garanti ya mpangaji, yaani dhamana anayotanguliza, huliwa kama mapato, wakati ni deni litakalodaiwa siku anapohama, kwa hiyo iweke kando nzima. Na vyumba hujengwa kwenye lupango ambao karatasi zake ziko kwa jina la kaka mkubwa, au ambao una fishi ya komini tu, yaani karatasi ya ofisi ya serikali ya mtaa. Fishi hiyo haikufanyi mwenye mali. Chini ya sheria ya ardhi ya 1973, hati inayothibitisha haki yako ni setifika ya uandikishaji inayotolewa na msimamizi wa hati za ardhi. Kama pesa inatosha setifika au chumba cha pili, kwa maoni yetu anza na setifika.

Karatasi: hapa ndipo watoto wadogo wanapopoteza

Mzazi akifariki watoto wakiwa na miaka 30, wanajua kujisemea. Mtoto wa miaka tisa husemewa na karatasi. Ndiyo maana sehemu hii ina uzito kuliko zote.

Anza na akti ya kuzaliwa. Karatasi ya maternite (wodi ya uzazi) peke yake si akti. Kwa Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, kama ilivyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, kuzaliwa hutangazwa kwa ofisa wa hali ya kiraia wa komini ndani ya siku 90. Zikipita, inabidi kupata hukumu ya mahakama ndipo akti iandikwe, na hapo kuna gharama na miezi ya kwenda na kurudi. Ukiipata akti, isome herufi kwa herufi: jina, postnomu, prenomu. Kisha ulinganishe na biletini, ripoti ya shule. "Kyungu" kwenye akti na "Kiungu" kwenye biletini hakimsumbui mtu primeri, lakini jina litaingia hivyo kwenye orodha ya ENAFEP, likatoka hivyo kwenye diploma. Mzazi kijana atakuwepo kulisahihisha baadaye. Wewe lisahihishe mwaka huu, kabla mtoto hajafika ya sita.

Kisha ndoa. Wanandoa wengi wa umri mkubwa, hasa wa ndoa ya pili, walitoa mahari, wakabarikiwa kanisani, wakaishia hapo. Ndoa ya kimila ni ndoa, lakini inapaswa kuandikishwa komini ili iwe na nguvu mbele ya watu wengine: benki, CNSS, ndugu wa marehemu. Na kama baba na mama hawakuoana, baba atangaze ubaba wake mbele ya ofisa wa hali ya kiraia. Sheria inawapa urithi sawa watoto wa ndani na wa nje ya ndoa, ila wale wa nje ni lazima wawe wametambuliwa baba akiwa hai. Baba wa miaka 60 anayeahirisha kitendo hicho cha asubuhi moja anamweka mtoto wake kwenye hatari kubwa bila sababu.

Urithi wenyewe unaeleweka vizuri kwa mfano. Tuseme lupango wa Ruashi una thamani ya dola 24,000, ulinunuliwa wakati wa ndoa ya sasa, na wanandoa hawakuchagua utaratibu mwingine wa mali. Utaratibu wa kawaida unafanya mali iliyopatikana ndani ya ndoa kuwa ya wote wawili, kwa hiyo 12,000 ni za mke tangu mwanzo, si urithi. Kinachorithiwa ni 12,000 za baba. Robo tatu, yaani 9,000, ni za watoto wake wote kwa usawa. Kama ana watatu wakubwa wa ndoa ya kwanza na wawili wadogo, kila mmoja anapata 1,800, na mkubwa hapati zaidi kwa sababu ya ukubwa wake. Robo iliyobaki, 3,000, inakwenda kwa mke aliyebaki, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Juu ya hayo, mjane ana haki ya kuendelea kuikaa nyumba waliyokuwa wakiishi na kutumia vyombo vyake. Haki hiyo humwondoka akiolewa tena, kama marehemu ameacha watoto.

Mfano huo unabadilika ikiwa lupango ulinunuliwa mke wa kwanza angali hai. Hapo sehemu ya marehemu mama yao imekwisha kuwafungulia watoto wakubwa urithi, hata kama hakuna aliyewahi kuidai. Baba anayesema "hii nyumba ni yangu, nitawaachia wadogo" huenda anagawa kisicho chake. Ugomvi mwingi kati ya mama mdogo na watoto wa kwanza unatoka hapa, na mara nyingi wakubwa hawana tamaa. Wana haki ambayo hakuna aliyeihesabu.

Kitu kimoja ambacho wachache wanakijua: marehemu asipoacha wasia, anayepewa kazi ya kusimamia na kugawa mirathi ni mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wote. Kwa nyumba yetu anaweza kuwa ndugu mkubwa wa baba, na siyo mama wa watoto wadogo. Huenda ni mtu mwema kabisa. Lakini kama baba anataka mwingine, au anataka ndugu huyo asaidiane na mama, lazima aandike.

Wasia wa mkono hauna gharama. Uandike wote kwa mkono wako mwenyewe, tarehe kamili, sahihi, bila kumpa kijana wa sekretaria aupige kwenye kompyuta. Unaweza pia kufanywa mbele ya notari au ofisa wa hali ya kiraia, na huo ni mgumu zaidi kupingwa. Wasia wa mdomo sheria inaujua, ila ni kwa mtu aliye karibu na kufa, mbele ya mashahidi wazima wasiopungua wawili, na kwa mambo machache tu. Usiutegemee. Ndani ya wasia taja nani atasimamia mirathi, na nani ungependa awe mlezi wa watoto iwapo wewe na mwenzako mtakuwa mmeondoka.

Kuhusu mlezi, kosa tunaloliona mara kwa mara ni kumchagua rafiki wa maisha. Baba wa miaka 56 anamchagua mwenzake wa miaka 58 waliyesoma naye. Mwaka 2037 huyo atakuwa na 70. Chagua mtu mwenye umri chini yako kwa miaka 15 au 20, anayeishi mahali ambapo mtoto anaweza kuendelea na shule yake, na umuulize kwa maneno ya wazi, mkiwa mmeketi, mwenzako akisikia. Kimya cha heshima si jibu. Mtu anaweza kukubali shule na kukataa malazi, na ni vizuri kulijua hilo sasa.

Mwili

Macho ndiyo ya kwanza. Kuanzia miaka 40 hadi 45 jicho hupoteza uwezo wa kuona karibu, na mzazi huanza kukwepa daftari la mtoto bila kujua kwa nini. Jaribu hivi: shika daftari umbali wa sentimeta 40, mchana. Kama unarudisha mkono nyuma ndipo usome, unahitaji miwani ya kusomea, kwa kawaida +1.00 au +1.50 karibu na 45, na +2.00 hadi +2.50 ukikaribia 60. Ya barabarani inafaa kama macho yote mawili yanaona sawa. Yasipoona sawa, au ukiona ukungu pembeni, nenda kwa daktari wa macho akupime presha ya jicho, maana glakoma haiumi na inachokichukua haikirudishi. Jioni umeme ukikatika, tochi ya simu haitoshi kwa jicho la miaka 55. Nunua taa ya kuchaji, iweke upande wa kushoto wa mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia. Bora zaidi, maliza homuweki saa kumi jioni, mwanga ungalipo.

Tansio (shinikizo la damu) na sukari zipimwe hata kama huumwi. Kaa umetulia dakika tano, mkono wazi kwenye usawa wa moyo. Muuguzi akisema 14 kwa 9 au zaidi, kwa siku mbalimbali, hiyo ni tansio ya kutibiwa. Sukari ya asubuhi kabla ya kula, ikifika gramu 1.26 kwa lita mara mbili, ni kisukari. Kosa linalowaumiza watu ni lilelile: dawa inashusha tansio hadi 12 kwa 8, mtu anasema amepona, anaacha. Ilishuka kwa sababu ya dawa, na akiacha itapanda tena kimyakimya.

Kwa mama wa miaka 48 hadi 52, joto la ghafla na usiku wa kukatikakatika humwacha amechoka asubuhi ileile ambayo mtoto hapati soksi. Mtoto wa miaka minane anaweza kuelezwa: "Mama hakulala vizuri, si wewe." Damu ikirudi baada ya miezi 12 bila hedhi, hiyo ni ya kumwona daktari bila kungoja.

Kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki kunatosha, na kumpeleka mtoto shule kwa miguu dakika 15 kwenda na 15 kurudi, siku tano, ndizo hizo 150.

Shule imebadilisha majina

Aliyesoma wakati wa Zaire alifanya miaka sita ya primeri, miwili ya CO (mwanzo wa sekondari) na minne ya humanite. Leo ile CO ni mwaka wa saba na wa nane wa elimu ya msingi, na ile "troazieme" ya zamani ni humanite ya kwanza. Si jambo kubwa, ila mzazi anayemwambia mkurugenzi "mtoto yuko premiere sekondari" anaweza kuandikishwa karatasi isiyo yake. Mbinu za hesabu nazo zimebadilika kidogo. Usimfundishe mtoto njia yako kabla ya kuona ya mwalimu. Fungua daftari, tazama mfano wa darasani, ufuate huo. Tangazo nyingi siku hizi zinapita kwenye kundi la WhatsApp la darasa: tarehe ya tranchi, mkutano, mtoto kurudishwa nyumbani. Mzazi asiyelifuata amteue mtu mmoja nyumbani, kwa jina, wa kulisoma kila jioni.

Kati ya baba na nkambo

Katika koo nyingi za Katanga nkambo na mjukuu wana utani wao. Nkambo huachia, huficha makosa, humpa mjukuu kipande cha nyama kilichokatazwa. Baba ndiye anayekataza. Mzazi wa miaka 56, tena aliyekwisha kulea watoto wakubwa kwa ukali, huteleza polepole kuelekea upande wa nkambo: amechoka, amelegea, na anahisi muda ni mfupi. Mtoto anapata mababu wawili na hana baba. Kinachosaidia ni kuchagua mambo machache yasiyojadiliwa, matatu yanatosha, kwa mfano saa ya kulala, homuweki kabla ya televisheni, na kusema ukweli. Hayo yashikwe hata siku ya uchovu. Mengine yaachiwe utani wake.

Kuna pia suala la heshima za ukoo. Mtoto wa primeri ya pili anaweza kuwa baba mdogo wa mtoto wa primeri ya nne, kwa sababu kaka yake mkubwa alizaa mapema. Uwanjani anachapwa na mpwa wake, nyumbani anaambiwa amwamkie "baba mdogo". Waelezeni wote wawili siku moja, kwa kuchora ukoo kwenye karatasi. Watoto huupenda mchoro huo, na mara nyingi ndio unaowafanya walindane shuleni.

Getini, mpe mtoto sentensi fupi ya kujibu: "Ni papa yangu." Basi. Mzazi asiongeze kitu mbele ya wenzake, wala asicheke kwa aibu, kwa sababu mtoto anamtazama usoni kujua kama jambo hilo ni la kuficha.

Halafu siku moja, akiwa kati ya miaka mitano na minane, umri ambao wengi huanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi, atauliza: "Papa, wewe utakufa lini?" Usimwambie hutakufa. Mwambie hujui siku, kwamba unakunywa dawa zako na kwenda kupimwa ili ukae naye muda mrefu, kisha ngoja, maana kuna swali la pili nyuma ya hilo, nalo ni atakaa wapi. Mtoto wa umri huo haombi kuona wasia. Anataka jina la mtu na nyumba anayoifahamu. Kwa hiyo likizo ya Pasaka mpeleke siku tano kwa yule mliyemchagua, na mswaki wake, na daftari lake. Ajue maji yanachotwa wapi, mbwa anaitwa nani, na kitanda chake kiko upande gani wa dirisha. Akirudi muulize walikula nini, na usubiri aseme mwenyewe kama angependa kurudi mwezi wa saba.